Kistari cha Masomo ya Jioni

Tawi la Mashariki, Kariokor
4 Februari 2025

Kwa Mkuu wa Ofisi ya Takwimu,
Kampasi Kuu

Bwana Mkuu,

Jana nilituma maoni yangu kwa ofisi yako kupitia mtandao. Kabla sijainua kidole, jibu likawa limefika: "Asante kwa maoni yako. Yamepokelewa. Usijibu ujumbe huu." Mimi nimelelewa kujibu ninaposemeshwa, kwa hivyo nimechukua karatasi. Owino, dereva anayetuletea mitihani kutoka huko kwenu, ameniahidi kwamba atakupa barua hii mkononi wala hataiacha mapokezi.

Naitwa Nduta Kinyanjui. Ninafundisha hisabati na ndimi mkuu wa kitengo cha Masomo ya Jioni hapa tawini. Tuko walimu wanne: mimi, Rufaida wa mawasiliano, Maingi wa biashara na Ng'ang'a wa uhasibu.

Kila mwaka mnatuletea hojaji ya wafanyakazi. Miaka mitatu tumeijaza na miaka mitatu tumelilia jambo moja, nalo ni saa. Vipindi vyetu huanza saa kumi na moja jioni, na rejista ya mtandao hujifunga saa kumi na moja na nusu. Wanafunzi wetu ni watu wa kazi. Fundi wa viatu wa Kariokor hafungi kibanda jua likiwa bado juu. Muuzaji wa Muthurwa ndiyo kwanza anawapata wateja wanaotoka maofisini. Vijana wa Mukuru kwa Reuben hutoka viwandani saa kumi na moja, na kutoka huko hadi hapa ni mwendo. Ikifika saa kumi na mbili darasa langu limejaa hadi dirishani, lakini rejista imekwisha kulala na watu wake sita.

Ijumaa iliyopita mambo mawili yalitufikia pamoja. La kwanza ni bango lenu kubwa, "Mlisema, Tumetenda". Mmeongeza viti vya mapokezi, mmebadilisha majani ya chai, mmepaka rangi maegesho ya magari. La pili ni barua ya Naibu Mkuu wa Chuo: Masomo ya Jioni yatafungwa mwisho wa Aprili kwa kuwa mahudhurio ni hafifu na, nanukuu, "walimu wa kitengo hawajawahi kueleza tatizo lolote". Kamati ya Masomo itaidhinisha jambo hilo tarehe 27 Machi.

Bwana Mkuu, sisi tulisema. Maneno yetu mliyapeleka wapi?

Nduta Kinyanjui


Ofisi ya Takwimu, Kampasi Kuu
11 Februari 2025

Mwalimu Nduta,

Salamu. Barua yako imenifikia mkononi kama ulivyoagiza. Owino alimkatalia hata msaidizi wangu, Hikma, alipotaka kuipokea. Alimwambia, "Madam alisema mzee mwenyewe," akanisimamia mezani mpaka nikaifungua.

Niruhusu nikueleze kazi yetu inavyokwenda, maana wengi hudhani maoni yakifika hapa hutupwa kikapuni. Hojaji zikija, kwanza tunaondoa chochote kinachoweza kumtambulisha aliyejibu. Kisha tunapanga majibu kwa vitengo, kila kitengo na mstari wake katika jedwali. Jedwali hilo huenda kwa Naibu Mkuu na wakuu wa vitivo, nao ndio wanaoamua. Sisi hatuamui chai wala rangi. Tunahesabu, tunaandika, tunanyamaza.

Baada ya kusoma barua yako nilifungua ripoti za miaka mitatu. Katika mstari wa Masomo ya Jioni kuna kistari, miaka yote mitatu. Kistari tu, Mwalimu. Hakuna jibu hata moja. Ninasikitika kusema hivyo, lakini nisingetaka uingie mbele ya Kamati ukidai jambo ambalo karatasi inalikana.

Huenda kosa ni dogo. Ukimaliza swali la mwisho, chini kabisa upande wa kulia kuna kitufe cha kijani kilichoandikwa "Wasilisha". Usipokibonyeza, majibu hubaki kwenye simu yako. Hata maprofesa hukisahau.

Wako katika kazi,
Abdurahim Aqil


Tawi la Mashariki
13 Februari 2025

Mzee Abdurahim,

Umenifundisha kubonyeza. Mimi, ninayefundisha aljebra watu waliokesha kazini, umenionyesha kitufe cha kijani kilipo! Barua yako niliwasomea wenzangu wakati wa chai. Maingi alicheka hadi andazi likamkwama, na Rufaida akasema tukununulie simu tukuonyeshe na sisi inavyowashwa.

Sasa tazama picha nilizoambatisha. Sisi huijaza hojaji pamoja, wanne, katika chumba cha walimu, na kila mwaka Rufaida hupiga picha tukiwa tumeinua simu zetu. Zione mwenyewe: nne, zote zimeandikwa "Asante kwa maoni yako". Miaka mitatu, picha tatu. Mwaka wa kwanza Ng'ang'a alikuwa bado na nywele.

Na kwa kuwa unapenda karatasi, nikupe mtu. Yuko mwanafunzi anaitwa Abukar, anashona viatu vya ngozi soko la hapa. Huingia saa kumi na mbili akiwa na gundi vidoleni, anajaribu rejista, inamkataa. Juzi aliniuliza, "Madam, kwani mimi ni jini? Niko hapa lakini system hainioni." Muhula uliopita Abukar alikuwa wa kwanza katika mtihani wa somo ambalo, kwa hesabu zenu, hajawahi kuhudhuria hata siku moja. Nieleze hilo na kitufe chako.

Nduta


Ofisi ya Takwimu
20 Februari 2025

Mwalimu Nduta!

Nimeruka kitini. Kwa umri wangu hilo si jambo la kila siku, na Hikma alikuja mbio akidhani nimeumwa na kitu.

Picha zako zilininyima raha. Watu wanne hawawezi kusahau kitufe kimoja miaka mitatu mfululizo huku wakipiga picha. Basi nikafanya jambo ambalo nilipaswa kulifanya tangu barua yako ya kwanza: nikajumlisha. Nilichukua mistari yote ya vitengo, nikaijumlisha kwa kalamu, nikalinganisha na jumla iliyochapishwa chini ya jedwali. Hazikulingana! Jumla ya chini ilikuwa kubwa. Kuna watu walijibu lakini hawamo katika mstari wowote. Wako wapi? Nikaanza kuwatafuta kama mtu aliyepoteza miwani, na miwani ilikuwa usoni.

Wako ndani ya vistari.

Katika jedwali letu, kitengo ambacho hakuna aliyejibu huandikwa sifuri. Kistari ni kitu kingine kabisa. Kistari maana yake ni kwamba waliojibu ni chini ya watano, kwa hivyo majibu yao yamefichwa. Maelezo hayo yako ukurasa wa mwisho kwa herufi ndogo kama sisimizi. Naibu Mkuu alisoma kistari akaona "hakuna". Nami, mkuu wa ofisi yenyewe, nikakuandikia vivyo hivyo. Nimekosea, Mwalimu. Ulibonyeza.

Usikasirikie kanuni hiyo kabla hujaijua. Katika chuo kimoja nilikofanya kazi zamani, idara moja ilikuwa na watu watatu. Mmoja aliandika kwamba mkubwa wao huchelewa mikutano. Watu watatu, Mwalimu! Mkubwa hakuhitaji mpelelezi. Mwezi haukuisha, yule mtu alihamishwa. Kanuni ya watano iliwekwa ili mtu wa kitengo kidogo aseme bila kuonekana. Sisi tumeitumia vizuri hadi wamekuwa hawaonekani wala hawasikiki. Wauguzi wa zahanati, watunza bustani, nyinyi wa jioni: vitengo vidogo vyote vya chuo hiki vimekuwa vikizungumza na mto wa pamba mdomoni.

Sasa tufanye nini? Siwezi kuyafungua majibu yenu kwa sababu tu nina hamu, na hamu ninayo. Njia ni moja: walimu wote wanne mkubali kwa maandishi kwamba maoni yenu yasomwe mbele ya Kamati. Watatu hawatoshi. Wewe ni mtu wa hisabati: ukijua ya wanne kwa pamoja na ukajua ya watatu, wa nne umemvua nguo.

Nipate sahihi zenu kabla ya tarehe 20 Machi, siku karatasi za Kamati zinapofungwa. Ikipita hapo, kitakachoingia mkutanoni ni kile kistari.

Abdurahim Aqil


Tawi la Mashariki
3 Machi 2025

Mzee wangu,

Ramadhani njema! Owino ameniambia unakaa Pumwani. Na mimi nakaa Maringo! Tungeweza kuitana kwa mbinja, na huku tunaandikiana kama watu wa ng'ambo. Karibu nije kukugongea nikuulize haya kwa mdomo.

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama. Niliwaambia wanafunzi kwamba huenda rejista ikafunguliwa macho, wakapiga meza hadi mlinzi akaja kuchungulia. Rufaida alitia sahihi papo hapo. Maingi naye, hata hakumaliza kusoma. Mimi nilitangulia wote.

Amebaki Ng'ang'a. Sikiliza mazungumzo yetu uone ninachopitia.

"Ng'ang'a, karatasi ndiyo hii."

"Nimeiona, Madam."

"Sasa?"

"Nitaona."

"Utaona nini, bwana, na umeshaiona?"

"Kwani ni lazima?"

"Unaogopa nini?"

"Mimi siogopi."

"Basi tia!"

Akachukua mkoba wake akaenda darasani. Hiyo ni wiki nzima sasa. Nimemwomba, nimemnunulia chai, Ijumaa nikamwambia mbele ya wenzake kwamba watu mia moja watakosa masomo kwa sababu ya mwoga mmoja. Alibeba kikombe chake akaenda zake.

Mzee, nauliza kwa heshima. Huwezi kufungua jibu lake ukatazama kidogo, ukaniambia tu ni kitu gani kinamsumbua? Nitajua namna ya kuzungumza naye. Tarehe ishirini inakuja mbio.

Nduta


Ofisi ya Takwimu
7 Machi 2025

Mwalimu Nduta,

Ahsante kwa salamu za mfungo.

Hapana, siwezi. Na ninakuomba usiniulize tena, si kwa ukali, bali kwa sababu nikifanya hivyo mara moja tu, mtu yeyote katika chuo hiki aliyewahi kuniandikia ukweli atakuwa amedanganywa.

Wala hukupaswa kuniandikia jina lake. Nimelifuta kwa wino mweusi, ingawa kichwani halifutiki kirahisi hivyo.

Nikueleze jambo ambalo halimo katika ripoti yoyote. Mtu akikataa, sababu ya kukataa ni sehemu ya jibu lake. Ukimshika koo akueleze kwa nini hataki kufunua, umeshaanza kumfunua. Unamwita mwoga. Mimi simjui anayemwogopa, wala sijui kama yupo. Lakini kanuni ya watano haikuwekwa kwa ajili ya watu walio mbali kama Naibu Mkuu, ambaye hawezi kutofautisha sura zenu. Iliwekwa kwa ajili ya watu wanaokunywa chai chumba kimoja.

Mwache. Mwombe radhi mbele ya wale wale uliomwita mwoga mbele yao. Kisha ungoje. Najua kungoja si kipaji chako, hilo limejitokeza wazi katika barua zako, na kalenda nami ninaiona. Ikiwa hatatia sahihi, nitaingia mkutanoni na kuwaeleza kistari ni nini. Huenda wakanisikiliza, huenda wasinisikilize, maana nitakuwa na maelezo bila ushahidi. Lakini hatutamnyang'anya mtu ulimi wake ili tuokoe wetu.

Kuhusu kunigongea mlango: karibu kwa futari siku yoyote, wewe na wenzako, mke wangu anapenda wageni. Ila jambo hili tuliache kwenye karatasi. Ukinieleza kibarazani ni mazungumzo tu. Ukiniandikia ni maoni, nami nalazimika kuyajibu.

Abdurahim


Tawi la Mashariki
18 Machi 2025

Mzee Abdurahim,

Zimo ndani ya bahasha. Nne! Nimezihesabu mara tatu kama mtu aliyeokota kitu. Owino nimemwambia asisimame popote, hata kujaza mafuta.

Sasa nikusimulie.

Nilikasirishwa na barua yako siku mbili. Siku ya tatu nikasimama wakati wa chai nikasema, "Ng'ang'a, nilikuita mwoga mbele ya watu. Nakuomba radhi mbele ya watu. Usipotia sahihi ni haki yako, na hakuna atakayekuuliza tena." Maingi aliacha kutafuna. Ng'ang'a akasema, "Sawa, Madam," akaendelea kusahihisha. Basi. Nikadhani yameishia hapo, nikaenda kuwapa wanafunzi wangu kazi.

Jana baada ya vipindi akaja mlangoni kwangu.

"Madam, unajua nilikuwa namwogopa nani?"

"Naibu Mkuu."

"Naibu hata hanijui. Juzi aliniita Maingi."

"Basi nani?"

"Wewe."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Akaniambia alichoandika, miaka yote mitatu. Jambo la kwanza ni sauti yangu. Anasema inapita ukuta kama ukuta ni khanga, na wanafunzi wake wa uhasibu wanaijua aljebra kuliko mizania. La pili ndilo lililonikalisha chini. Katika kila hojaji niliyowajazia niliandika kwamba sisi wanne tunataka vipindi vianze saa kumi na mbili na nusu. Wanne. Ng'ang'a hakuwahi kuulizwa. Anakaa Njiru. Tukianza kwa wakati huo, akifika nyumbani watoto wamelala, na mama yao yuko zamu ya hospitali. Yeye alitaka saa kumi na mbili kamili. Alilisema mahali pamoja tu ambapo nisingeliona, halafu mimi nikaja na karatasi nikamlazimisha akubali lisomwe mbele ya dunia.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamuuliza.

"Madam, wewe husemwi. Wewe husema."

Nilinyamaza, Mzee. Wewe unayenijua kwa barua tu unaweza kukisia hilo lilinigharimu nini. Mwishowe nikamwambia, "Saa kumi na mbili inafaa. Inafaa kweli. Abukar mwenyewe huwa ameshafika." Tukawaita Rufaida na Maingi, wakasema wao nusu saa haiwasumbui, waliandika nusu kwa sababu mimi nilikuwa nimesimama nyuma yao. Nimesimama nyuma yao! Ng'ang'a akachukua kalamu akatia sahihi, akasema, "Na ile ya sauti isifutwe. Isomwe."

Kwa hivyo isome. Kanuni yako ya watano ilikuwa inamlinda mtu dhidi yangu.

Nduta


Ofisi ya Takwimu
28 Machi 2025

Mwalimu Nduta, Mwalimu Rufaida, Mwalimu Maingi, Mwalimu Ng'ang'a,

Masomo ya Jioni hayafungwi!

Nimetanguliza hilo kwa sababu Hikma amenionya kwamba nikianza kwa maelezo mtazirai kabla ya kufika mwisho. Sasa maelezo.

Nilipewa dakika tano. Nilizitumia zote kueleza kistari, na mwenyekiti akawa anatazama saa yake waziwazi. Nikaona niache nadharia. Nikasoma majibu yenu kama yalivyo, mwaka kwa mwaka. Mwenyekiti akaacha kutazama saa. Nilipofika kwenye lile la sauti inayopita ukuta, Naibu Mkuu alicheka, nami nikajua tumeshinda, kwa sababu mtu hacheki juu ya kitengo ambacho anaamini hakipo. Akauliza, "Haya yote yalikuwa wapi?" Nikamwonyesha mstari wenu wenye kistari. Akaukazia macho, akasema, "Mimi nilidhani hapa hakuna watu."

Nikasoma pia kwamba mwanafunzi wa kwanza katika hisabati ni mtu asiyewahi kuhudhuria. Hapo hakuna aliyecheka.

Uamuzi ni huu. Kuanzia muhula wa Mei vipindi vitaanza saa kumi na mbili, na rejista itabaki wazi hadi kipindi kimalizike. Kwa upande wa ofisi yangu, kistari kimeondolewa. Mahali pake tutaandika kwa maneno: "Maoni yapo. Waliojibu ni wachache. Tutawaomba idhini." Na tutawaomba kweli, kila kitengo, kuanzia wauguzi na watunza bustani. Bango la "Mlisema, Tumetenda" limeshushwa. Naibu alisema lirudi siku litakapokuwa kweli.

Jambo moja limenishinda. Nilitaka ule ujumbe wa "Usijibu ujumbe huu" ubadilishwe. Nimeambiwa uko chini ya ofisi nyingine, nitume maoni yangu kwa mtandao. Nimetuma. Nimejibiwa mara moja.

Mimi nastaafu mwisho wa Juni, na Hikma atakalia kiti hiki. Sikutarajia kuondoka nikiwa na furaha kiasi hiki. Idi njema, inakaribia.

Abdurahim Aqil


Tawi la Mashariki
6 Mei 2025

Mzee wetu,

Jana saa kumi na mbili na robo Abukar alibonyeza rejista na jina lake likawaka kijani. Alisimama juu ya kiti. Fundi wa viatu, mtu mzima na ndevu zake, juu ya kiti! "Madam, imeniona!" Darasa zima likalipuka, na safari hii mlinzi hakuja kuchungulia, alikuja kushangilia. Rejista imehesabu watu hadi majina yakafika ukurasa wa pili, ambao sikujua kama upo.

Ninafundisha kwa sauti ya chini. Najaribu. Ng'ang'a huniinulia kidole gumba akipita dirishani.

Sasa, Mzee, kuna somo la takwimu ambalo limekosa mwalimu tangu mwaka juzi. Jioni tatu kwa wiki, mwendo wa miguu tu kutoka kwako Pumwani. Wanafunzi wanapenda kuelezwa, na nijuavyo wewe una maelezo ya akiba. Safari hii nimewauliza wenzangu kwanza, mmoja mmoja, nikiwa nimekaa. Wote wamekubali.

Na tukikupata, fanya hesabu mwenyewe tutakuwa wangapi.

Nduta


Masomo ya Jioni, Chumba cha Pili
14 Oktoba 2025

Mwalimu Abdurahim,
Chumba cha Tatu, ng'ambo ya ukuta

Ningeweza kukugongea, lakini ulisema ya kibarazani ni mazungumzo tu.

Ripoti ya mwaka huu imetoka. Hikma ameileta mwenyewe na chupa ya soda. Mstari wetu una tarakimu! Waliojibu, watano. Nimeikata nakala nikaibandika juu ya birika la chai, Rufaida ameipiga picha, Maingi ameibusu.

Ila katika sehemu ya maoni kuna sentensi moja inayosema kwamba "sauti fulani ya hisabati ingali inaingia chumba cha jirani, hasa baada ya saa moja, mwenye nayo anaposahau ahadi yake". Nimemuuliza Ng'ang'a. Ameapa si yeye, na siku hizi anafundisha ghorofani. Rufaida na Maingi wako upande ule mwingine wa ukumbi.

Mzee, kwenye ukuta huu tuko wawili tu.

Nduta


Chumba cha Tatu
14 Oktoba 2025

Mwalimu Nduta,

Asante kwa maoni yako. Yamepokelewa.

Usijibu ujumbe huu.